Wakala wa Bima ni Wakili wa Nani?

Mwenye gari anayevuka Tunduma kwenda Nakonde hana budi kuwa na bima, na aghlabu anayemkatia ni wakala. Ni wakili wa nani?

Suali hili si geni. Ibn Abidin wa Damascus, mwanachuoni wa Kihanafi aliyefariki 1252 Hijria (1836), Allah amrehemu, aliizungumzia "sukara" katika Radd al-Muhtar. Wafanyabiashara walikodi merikebu ya mgeni, wakamlipa mtu mwingine huko kwao fedha maalumu ili adhamini mali ikizama, ikiungua au ikiporwa. Mdhamini aliweka wakili katika bandari za Waislamu, akikaa kwa idhini ya Sultani, akipokea fedha na kulipa fidia. Ibn Abidin hakumhalalishia mfanyabiashara fidia hiyo, kwani ni kulazimisha kisicholazimu. Lakini angalia: wakili ni wa mdhamini!

Ndivyo ilivyo Tanzania. Wakala huwakilisha kampuni. Wa mteja ni dalali wa bima. Tangu 1967 Bara ilikuwa na Shirika la Bima la Taifa tu, hadi sheria ya 1996 ilipofungulia makampuni binafsi. Hapo ndipo kuchagua kulipokuwa na maana.

Basi aulizwe leseni ya TIRA, kampuni anazoziuzia, na kama ana takaful. Kwani Majmaa ya Fiqhi ya Jeddah mwaka 1985 iliharamisha bima ya kibiashara kwa gharar yake kubwa, ikaelekeza kwenye bima ya ushirikiano. Ikikosekana takaful, gari likatiwe ile inayolazimishwa na sheria tu, bila nyongeza.