Siku Bunge la Uingereza Lilipofafanua Mdundo

Ni sheria chache zinazostahili kusomwa na watu wa fasihi. Mojawapo ni Sheria ya Haki ya Jinai na Utulivu wa Umma ya Uingereza ya mwaka 1994. Ni ndefu na inachosha: magereza, dhamana, haki ya mtuhumiwa kukaa kimya. Lakini ukifika kifungu cha 63 unakuta wanasheria wamebanwa na swali ambalo hata wanamuziki hulikwepa: muziki ni nini? Jibu lao, kwa Kiswahili changu, ni kwamba muziki ni pamoja na sauti ambazo zote, au kwa sehemu kubwa, ni mfululizo wa midundo inayojirudia.

Kila nikikisoma kifungu hicho nacheka, halafu kicheko kinakatika. Walioandika vile walikuwa wakitafuta maneno ya kukamata kitu ambacho Kiingereza hakina neno moja la kukitaja. Sisi tunalo: ngoma. Ngoma ni chombo, ngoma ni uchezaji, na ngoma ni lile kusanyiko lenyewe. Kilicholengwa kule kilikuwa ngoma kwa maana zake zote tatu. Wala si mara ya kwanza kwa dola ile. Watawala wake walipokuwa huku kwetu walidai kibali kabla ya ngoma kupigwa mjini.

Sasa tuone walifikaje huko. Muziki wa house ulizaliwa Chicago miaka ya 1980, kwenye kumbi za vijana weusi, wengi wao mashoga, watu waliokuwa hawana pengine pa kucheza kwa amani. Techno ikatoka Detroit, mji wa viwanda vya magari. Kufikia mwaka 1988 mawimbi hayo yalishafika Uingereza, na vijana wakaanza kukesha kwenye maghala matupu na mashambani. Disko hizo za kukesha ndizo zilizoitwa reivu. Hazikuwa na siasa ya kusema. Mtu alienda kucheza, basi.

Mei 1992 mambo yakabadilika. Kwenye malisho ya Castlemorton Common, mkoa wa Worcestershire, walikusanyika watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 20,000. Waliwasha jenereta, wakapanga maspika, na muziki ukapigwa kwa takriban wiki nzima, mchana na usiku. Tuwe wakweli: wanakijiji wa pale waliumia. Hawakulala, na ardhi yao ya malisho iligeuzwa jaa na choo. Wanaharakati wa muziki wanaosimulia habari ya Castlemorton kama paradiso wanaruka ukurasa huo, na mimi siwaungi mkono. Watu 13 wa kundi la Spiral Tribe walishtakiwa kwa kula njama ya kuleta kero kwa umma. Mwaka 1994 mahakama ikawaachia huru wote. Serikali ilipoona sheria zilizopo hazitoshi, ikatunga nyingine.

Wakati hayo yakiendelea, kulikuwa na kesi nyingine ya ardhi, safari hii mashariki mwa London. Mwaka 1989 serikali ilikuwa imetangaza mpango mkubwa wa kujenga barabara nchi nzima. Barabara mojawapo, ya kuunganisha mji na M11, ilipangwa kupita Wanstead na Leytonstone, kwenye nyumba za watu na kwenye uwanja uliokuwa na mti mkubwa wa chesnati. Mwaka 1993 wapinzani wa barabara walijenga kibanda juu ya mti ule. Kisha mtu akauandikia mti barua, na posta ikaifikisha. Mwanasheria wao akaenda mahakamani na hoja moja rahisi: mahali panapopokea barua ni makazi, na makazi hayavunjwi bila amri ya mahakama. Jaji akakubali! Barua zikamiminika kwa mamia, zikiandikiwa mti. Ilisaidia kwa muda tu. Desemba 1993 polisi walifika wakiwa mamia, watu wakashushwa, mti ukakatwa.

Nataka uziweke kesi hizo mbili bega kwa bega. Katika moja, sheria ilikubali kwamba mti unaweza kuwa nyumba ya mtu. Katika nyingine, iliamua kwamba mdundo unaojirudia unaweza kuwa jambo la polisi. Na aliyeziunganisha ni Bunge lenyewe. Kifungu cha 63 kiliwapa polisi uwezo wa kutawanya watu 100 au zaidi wanaocheza usiku kwenye eneo la wazi kwa muziki wa kusumbua majirani, na kifungu kinachofuata kikawaruhusu kukamata vyombo. Geuza kurasa chache ufike kifungu cha 68: hapo ni kosa kuingia kwenye ardhi ya mtu na kuzuia kazi halali isifanyike. Hicho ndicho kilichowagusa waliokuwa wakijifunga kwenye miti na matingatinga. Yaani mcheza reivu na mlinzi wa miti, ambao huenda wasingekaa meza moja, walijikuta ndani ya sheria moja. Adui yao ndiye aliyewatambulisha.

Maandamano ya mwaka 1994 yaliwakutanisha barabarani. London ilishuhudia matatu makubwa, na lile la Oktoba liliishia kwa mapambano na polisi ndani ya Hyde Park. Wanamuziki nao walijibu kwa lugha yao. Autechre walitoa santuri yenye wimbo uitwao “Flutter”, ambao midundo yake ilipangwa isijirudie, ili kisheria usiwe “muziki” wa kukamatwa. Orbital waliupa jina la muswada ule wimbo wenye dakika kadhaa za kimya kitupu. Kwangu mimi huo ni uhakiki wa fasihi wa hali ya juu: unasoma sentensi ya serikali kwa makini kuliko aliyeiandika, kisha unaonyesha tundu lake.

Sheria ilipitishwa Novemba mwaka huo. Wiki chache baadaye, madalali wa mahakama wakisindikizwa na polisi waliingia Claremont Road, mtaa wa mwisho kwenye njia ya barabara ile, kuwaondoa watu waliojifunga kwenye mapaa. Kazi iliwachukua siku kadhaa. Barabara ikajengwa. Kwa hesabu ya kawaida, wacheza ngoma na walinzi wa miti walikuwa wameshindwa pande zote mbili.

Lakini baadhi ya waliotoka pale walifufua kundi la Reclaim the Streets. Mei 1995, huko Camden, magari mawili yaligongana katikati ya barabara, madereva wakashuka kutukanana. Ilikuwa maigizo! Barabara ikaziba, muziki ukaanza, watu wakacheza palipokuwa pa magari. Julai 13, 1996 walifanya kubwa zaidi. Maelfu waliiteka barabara kuu ya M41, magharibi mwa London. Katikati ya umati walipita watu warefu waliovaa magauni mapana mno, wakitembea juu ya vyuma. Chini ya magauni hayo walijificha wenzao wenye mashine za kutobolea lami. Mdundo wa maspika ulizimeza kelele za mashine, lami ikatobolewa, miti ikapandwa humo.

Hapo ndipo ninapoona maana ya historia hii yote. Mdundo ule ule uliotajwa na sheria kuwa kero ulikuwa sasa pazia la kupandia miti. Waliokuja kucheza tu walikuwa wamejifunza kuuliza ardhi wanayochezea ni ya nani, na itabaki vipi wakiondoka. Swali hilo Castlemorton hawakuliuliza.

Wahenga wanasema ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka, na kwa sehemu wamesema kweli. Sheria ipo hadi leo. Mwaka 2003 waliishusha idadi kutoka watu 100 hadi 20. Muziki wenyewe umekuwa biashara nono. Uchunguzi wa kundi la Clean Scene ulikadiria kwamba mwaka 2019 madijei 1,000 wakubwa walipanda ndege zaidi ya mara 51,000, na kuacha takriban tani 35,000 za hewa ya ukaa. Dijei anatua, anapiga saa mbili, anapaa.

Waliofanya hesabu hiyo si wabunge wala polisi. Ni watu wa muziki wenyewe, wanaouliza kwa sauti swali la M41: tukimaliza kucheza, ardhi inabaki vipi? Safari hii hakuna sheria ya kuwalazimisha waulize, na ndiyo maana nadhani swali lenyewe bado liko hai.