Kupiga rangi gari kwa fedha kidogo

Mavuno yakishauzwa na fedha ya mahindi au ufuta ikawa mkononi, gereji za bodi na rangi hupata wateja. Mmoja ana Noah ya abiria, mwingine pikapu ya kubebea nyanya, mwingine Probox aliyoinunua imeshachoka. Karibu wote huanza na swali moja: "Fundi, kupiga rangi gari zima ni shilingi ngapi?" Fundi anataja bei, mnavutana, mnakubaliana. Baada ya miezi sita rangi inavimba malengelenge chini ya milango, boneti imefubaa, na fedha ya msimu mzima imekwenda.

Mara nyingi kosa haliko kwenye rangi. Rangi yote ya gari, tangu praima hadi ile ya juu kabisa, ina unene kama wa karatasi moja au mbili za daftari. Haifichi kitu. Kutu, mafuta, vumbi, puti ambayo haikukauka, vyote hujitokeza baadaye. Sehemu kubwa ya kazi ya fundi mzuri ni kusugua na kuandaa bati. Kupuliza rangi yenyewe ni saa chache tu. Ukimbana fundi ashushe bei kwa nusu, hawezi kununua nusu ya rangi. Atapunguza kusugua. Kwa hiyo fedha ikiwa ndogo, punguza eneo la kupigwa rangi, usipunguze maandalizi.

Osha kwanza, ndipo uamue

Magari mengi yanayopelekwa gereji kwa "rangi nzima" hayahitaji rangi nzima. Osha gari kwa sabuni, likauke, kisha chukua kampaundi ya kung'arishia na kitambaa laini, usugue eneo la ukubwa wa kiganja juu ya boneti. Kitambaa kikishika rangi ya gari na pale uliposugua pakaanza kung'aa, rangi imechoka juu tu. Kopo moja la kampaundi na siku moja ya jasho vinaweza kuirudisha, na fedha yako ukaipeleka kwenye sehemu chache zilizoharibika kweli.

Lakini ukiona mabaka yanayobanduka kama ngozi ya nyoka, hasa juu ya paa na boneti, hapo klia imekufa. Klia ni lile tabaka la juu lisilo na rangi. Ikishaanza kubanduka haing'arishwi. Sehemu hiyo lazima isuguliwe na kupigwa upya.

Kutu haifunikwi

Gari lililokaa Tanga, Mtwara au visiwani huliwa na chumvi. La bara huliwa na matope. Chini ya kila mlango kuna vitundu vidogo vya kutolea maji. Matope yakiviziba, maji ya mvua hubaki ndani na bati huoza kutoka ndani kuja nje. Lengelenge unaloliona kwenye rangi ni mwisho wa safari hiyo, si mwanzo. Vizibue vitundu kwa njiti hata kama huna mpango wa rangi mwaka huu.

Mwombe fundi achokonoe kila lengelenge kwa bisibisi mbele yako. Bati likitoboka, likatwe na kuchomelewa kipande kipya. Wapo wanaojaza tundu kwa karatasi na kupaka puti juu yake. Siku ya kuchukua gari utaona limenyooka, lakini puti hunyonya unyevu kama chaki, na kutu huendelea kula kimya kimya. Kwa sababu hiyohiyo, puti ambayo haijafunikwa kwa praima isuguliwe kwa msasa mkavu. Msasa wa maji utumike baada ya praima.

Kuna kipimo rahisi ambacho nyumba nyingi za wasikilizaji wetu tayari zinacho: sumaku ya spika ya redio iliyokufa. Izungushie kitambaa chembamba isikwaruze rangi, uipitishe taratibu kwenye milango na madigadi. Ikishika kwa nguvu, chini yake kuna bati. Ikilegea au kudondoka, umepata puti nene. (Bampa ni za plastiki, usizipime.) Itumie pia siku unayonunua gari lililotumika, kabla hujatoa fedha.

Hata puti nzuri huharibiwa na hadina. Kwa puti ya ukubwa wa yai, hadina ya ukubwa wa punje ya harage inatosha. Ikizidi sana, doa lake hupenya hadi kwenye rangi ya juu. Ikipungua, puti hubaki laini na kushuka baadaye.

Rangi ipi?

Ya bei ndogo kabisa ni rangi ya mafuta ya kupakia milango na madirisha ya nyumba. Achana nayo. Hukaa siku nyingi ikiwa laini, hushika vumbi, na hasara yake kubwa huja baadaye: siku utakayotaka kupiga rangi ya gari juu yake, thina itaikunja kama ngozi ya maziwa, na utalipa fundi aikwangue yote kwanza.

Inayofuata ni rangi ya selulosi, ile inayokauka kwa thina kuruka hewani. Hukauka upesi, hata kwenye uwanja wenye vumbi, na makosa yake hurekebishika kwa urahisi. Ubaya wake ni kwamba hupauka mapema kwa jua letu, na petroli ikimwagika karibu na mfuniko wa tangi huilainisha. Ghali zaidi ni rangi inayochanganywa na hadina. Huwa ngumu, huvumilia petroli na jua. Kwa gari la biashara linaloshinda juani, mimi ningepiga boneti na paa kwa rangi ya hadina na kuacha milango ilivyo, kuliko kulipiga lote kwa selulosi.

Kwa rangi moja isiyo na chenga, gari dogo kwa kawaida huhitaji galoni moja, yaani lita 4, bila kuhesabu thina na praima. Rangi zenye chenga, kama silva, hutaka klia juu yake, na ni vigumu kulinganisha mlango mpya na wa zamani. Nyeupe ya kawaida ndiyo inayomsamehe mwenye fedha kidogo: mlango mmoja unaweza kupigwa peke yake na watu wasigundue.

Usibadilishe rangi ya gari kwa sababu ya bei ya kopo. Utalazimika kupiga pia ndani ya milango, chini ya boneti na ndani ya buti, la sivyo kila ukifungua gari linakuumbua. Tena rangi imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukibadilisha bila kwenda TRA ili kumbukumbu zirekebishwe, unajitafutia maswali barabarani na siku ya kuuza. Kenya utaratibu huo uko chini ya NTSA.

Rangi ya gari lako ina namba. Kwenye Toyota nyingi, angalia kibati ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, penye herufi C/TR. Namba 040 ni nyeupe, 202 ni nyeusi. Ipige picha kwa simu uende nayo dukani. Gari likishapauka, namba peke yake haitoshi. Beba na kifuniko cha tangi wachanganye wakikitazama.

Kupatana na fundi

Usiseme "nipigie rangi". Pitieni gari pamoja, mkiandika: hapa kukata bati, hapa puti, hapa rangi tu. Nunua vifaa mwenyewe ukiwa na fundi, na malipo ya kazi yagawe. Sehemu ya kwanza kazi ikianza. Ya pili ulipe baada ya kuona bati tupu na mahali palipochomelewa, kabla puti haijapakwa. Ya mwisho ulipe mchana, gari likiwa juani, si saa moja jioni chini ya taa. Wa mbali ambaye hawezi kwenda mara zote atumiwe picha. Fundi anayekataa kutuma picha ya bati tupu ameshakujibu.

Unaweza kuokoa fedha kwa mikono yako. Fungua mwenyewe taa, bampa, vitasa na vibao vya namba. Rangi iliyopitishwa chini ya kitasa haibanduki upesi kama ile iliyokomea kwenye ukingo wa selotepu. Kuziba vioo kwa magazeti pia ni kazi yako.

Epuka kupiga rangi siku za mvua. Selulosi ikipulizwa kwenye hewa yenye unyevu huweka ukungu mweupe. Asubuhi isiyo na upepo, uwanja umemwagiwa maji kuzuia vumbi, na kompresa imetolewa maji yaliyojikusanya kwenye tangi lake, ndiyo nafasi nzuri.

Jambo moja lisibaniwe hata kidogo. Mvuke wa rangi yenye hadina unaweza kumsababishia mtu pumu ya kudumu, na kitambaa cha puani hakiuzuii, wala barakoa ya hospitali. Fundi avae kinyago chenye vichujio vya kemikali. Kazi hiyo isifanyiwe nyumbani penye watoto, na thina isikaribie jiko la mkaa wala sigara.

Gari likirudi, lioshe kwa maji matupu wiki za mwanzo na usilipake nta mapema. Kinyesi cha ndege kifutwe siku hiyohiyo, na tafuta kivuli kingine badala ya mwembe, maana utomvu wake hula rangi mpya. Rangi iliyobaki, ambayo haijachanganywa na hadina, ifunge vizuri na uandike namba yake juu ya kopo. Kokoto ya kwanza ikirukia boneti, utaihitaji.