Mzizi wa rayom, choya na presha: dawa ya asili nayo hupimwa



Juzi alikuja kwetu mama wa bi harusi kuchukuliwa vipimo vya gauni. Akatwambia ameacha vidonge vya presha, sasa anakunywa choya tu. Tukaona leo tuhadithiane habari ya dawa za Thailand.

Bangkok kuna hekalu liitwalo Wat Pho. Mfalme Rama III alipolikarabati, miaka ya 1830, aliamuru elimu ya tiba ichongwe kwenye mawe ili kila mtu asome. Mwaka 2011 UNESCO iliyaingiza maandishi hayo katika Kumbukumbu ya Dunia.

Waganga wa Thailand wanaujua mzizi uitwao rayom, unaotuliza mtu. Mmea huo unaota India pia, na huko ndiko ulikopimwa mwanzo. Mwaka 1931 Sen na Bose waliandika kwamba unashusha presha. Mwaka huo huo, Delhi, Muislamu mwenzetu Salimuzzaman Siddiqui alitoa ndani yake ajmalini, akaipa jina la Hakim Ajmal Khan. Mwaka 1949 Dk. Rustom Jal Vakil wa Bombay alitangaza matokeo kwa wagonjwa wake. Mwaka 1952 wataalamu wa Ciba, Uswisi, wakaipata reserpini, ikawa kidonge cha presha duniani.

Presha ilishuka kweli. Lakini pua ziliziba, na wengine, hasa dozi ilipokuwa kubwa, walishikwa na huzuni nzito. Mzizi wenye nguvu hiyo si wa kujichemshia jikoni, sembuse kwa mjamzito.

Na choya? Wathai huiita krachiap daeng, nao huinywa kama sisi. Marekani waliipima kwa watu 65, matokeo yakatoka 2010. Vikombe vitatu kwa siku, wiki sita, namba ya juu ya presha ilishuka kwa wastani wa pointi 7. Waliopewa kinywaji cha kuigiza, pointi 1 tu. Ila wote walikuwa na presha ndogo, na hawakuwa kwenye vidonge.

Basi tukamwambia: mama, choya kunywa, lakini vidonge usiache mpaka daktari akupime aseme. Sisi mafundi hatukati kitambaa kwa kukisia macho, tunashika futi. Mwili ni amana ya Allah, una haki zaidi ya kitambaa.

Ameahidi kwenda kliniki kabla ya harusi. Muombeeni, naye ashuhudie nikaha ya mwanawe akiwa mzima. Amin.