Taa Mpya, Kishikio cha Zamani
Mirija ya mwanga iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1938 ilitumia umeme kidogo, lakini ilihitaji fremu yake yenyewe pamoja na choki izuiayo umeme usizidi. Kwa hiyo ilikaa zaidi viwandani na maofisini. Majumbani watu walibaki na globu ya waya, ambayo hugeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto tu. Na nani angeng'oa dari yake kwa ajili ya taa?

Mwaka 1980 kampuni ya Philips ya Uholanzi iliukunja mrija huo, ikautia pamoja na choki ndani ya umbo moja mfano wa chupa, na chini yake ikaweka shina lile lile la skurubu la Edison. Wati 18 zikafanya kazi ya wati 75. Hata hivyo taa hiyo ilikuwa nzito, yapata nusu kilo, na vifuniko vingi havikuitosha. Mwaka 1985 Osram ya Ujerumani ilileta choki ya elektroniki, na uzito ukapungua.

Nyumba za Kenya zilirithi kutoka Uingereza kishikio cha pini mbili. Taa za LED tununuazo leo bado huvaa shina hilo.