Dira Mbele ya Macho

Aliporuka André-Jacques Garnerin kutoka katika puto lake juu ya Paris, tarehe 22 Oktoba 1797, mwavuli wake ulimfikisha chini salama, ingawa ulimyumbisha mno njiani. Lakini mahali pa kushukia palichaguliwa na upepo, wala si yeye, na hali hiyo ilidumu kwa zaidi ya karne moja na nusu.

Ushahidi mzito wa jambo hilo ulipatikana Normandy, usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 1944, ambapo askari wa miavuli wa Marekani wapatao 13,000 walishushwa gizani. Na ijapokuwa walitanguliwa na wenzao waliochukua mitambo ya redio ya kuziongoza ndege, mawingu na mizinga ya adui vilizitawanya ndege hizo, hata wengi wakaangukia mbali na mahali walipokusudiwa, na baadhi yao, wakiwa wameelemewa na mizigo, wakazama katika maji yaliyofurika kando ya mto Merderet. Mtu aweza kudhani kwamba lau wangalikuwa na setilaiti wangalisalimika. Mimi sioni hivyo: mwavuli wa duara hautii usukani ila kidogo sana, na kumjuza mtu mahali alipo bila ya kumpa uwezo wa kwenda atakako ni kumzidishia huzuni.

Kwa hiyo fadhila ya kwanza ni ya Domina Jalbert, mtengenezaji wa tiara wa Florida, aliyebuni katika miaka ya 1960 mwavuli wa umbo la bawa, unaojaa hewa kwa mbele na kusonga takriban mita tatu kwa kila mita moja unayoshuka. Ndipo askari mwenye oksijeni akaweza kuruka kutoka zaidi ya mita 7,000, akafungua mwavuli upesi, akasafiri makumi ya kilomita.

Mfumo wa GPS, ambao setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, ulimpa hesabu ya mahali na kimo. Hata hivyo mikono yake imeshika kamba za kuongozea, na kila ainamapo kutazama chombo kifuani huwapoteza wenzake gizani. Mafundi wakaazima hila ya marubani wa ndege za vita: kioo kiangavu mbele ya jicho, chenye kuonyesha mwelekeo, masafa na kimo, pasipo kuinamisha kichwa. Lakini betri huzorota kwa baridi kali ya huko juu, na dira ya sumaku ingali ikichukuliwa.