Uwanja Uliofukiwa wa Montserrat

Tarehe 25 Juni 1997 volkano ya Soufrière Hills ilitiririsha majivu na mawe ya moto hadi kwenye uwanja wa ndege wa Bramble, lango la watalii wa Montserrat, kisiwa cha Karibi kinachotawaliwa na Uingereza. Watu 19 walikufa, wakiwamo wakulima waliokuwa ndani ya eneo lililopigwa marufuku. Nawauliza wanafunzi wangu: serikali inapomkataza mkulima shamba lake, nani atamlisha? Agosti mwaka huohuo Clare Short, waziri wa misaada huko London, aliwabeza viongozi wa kisiwa kwamba karibu watadai tembo wa dhahabu. Kwa miaka minane usafiri ulikuwa helikopta na meli ya Antigua. Uwanja mpya ulifunguliwa 2005. Zaidi ya nusu ya wakazi walikuwa wameshahama.