Commodore Haikufika Nyabusozi

Mtu wa Tanzania Bara aliyetaka kompyuta ya nyumbani katika miaka ya 1980 alihitaji vitu vinne: umeme wa ukutani, televisheni ya kuichomekea, kaseti ya kuhifadhia kazi yake, na ruhusa ya serikali. Nyabusozi, kata ya Wilaya ya Biharamulo, ilikuwa na kaseti peke yake, na hata hiyo iliimba pale tu mwenye redio alipopata mawe. Gridi ya taifa ilikuwa mbali, kituo cha televisheni hakikuwapo Bara nzima, na ruhusa ilitafutwa Dar es Salaam. Basi hii ni tarehe ya ukoo uliozaliwa, ukatawala na kufa ng'ambo bila watu wa huku kuuona, kisha vitukuu vyake vikaingia kwa mlango wa nyuma.

Tuanzie Hazina. Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500 iliyouzwa na kampuni ya Kiingereza, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa mtambo wa kujaza chumba. Baadaye hesabu za serikali zikahamishiwa kwenye mashine, zikavurugika. Wataalamu wakatoka nje, vipuri vikatoka nje, na fedha za kigeni zikatoka ndani. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, na televisheni pamoja nazo. Atakayehitaji mashine kwa kazi maalumu aombe kibali.

Vijana wakisikia habari hiyo leo hucheka. Mimi sioni cha kuchekesha. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda mno tangu vita vya Mashariki ya Kati vya 1973, mvua zilikuwa zimegoma, na nchi ilikuwa ikinunua nafaka nje ili watu wale. Anayehesabu dola kwa ajili ya unga hawezi kulaumiwa kwa kuinyima dola mashine inayokosea hesabu. Kosa lilikuja baadaye: unga ulipopatikana, zuio likaachwa palepale, na kompyuta iliyozuiwa haikuwa tena ile ya kujaza chumba. Ilikuwa imeshuka hadi kulingana na mashine ya kuchapia, na bei yake ilikuwa ikielekea kufikiwa na mfanyakazi wa kawaida wa Ulaya na Marekani.

Aliyeishusha bei hiyo kuliko wengine ni Jack Tramiel. Alizaliwa Łódź, Poland, mwaka 1928, katika familia ya Kiyahudi, akapitia Auschwitz akatoka hai. Marekani alijifunza ufundi wa taipureta akiwa jeshini, akafungua duka la kuzitengeneza Bronx, kisha akahamia Toronto na kuipa kampuni yake jina la kijeshi la baharini: Commodore. Kutoka taipureta akaenda kwenye mashine za kujumlisha, na kutoka hapo kwenye vikokotoo vya mkononi. Huko Texas Instruments, waliokuwa wakimuuzia vipuri, wakaanza kuuza vikokotoo vyao wenyewe kwa bei ya chini kuliko yake. Karibu afilisike. Funzo alilolipata lilikuwa la mfanyabiashara wa sokoni: usitegemee tajiri mwingine akuletee mzigo, nunua shamba lenyewe. Mwaka 1976 akainunua kampuni ya chipu ya MOS Technology, ya Pennsylvania.

Pamoja na kampuni hiyo alimpata Chuck Peddle, na chipu iliyoitwa 6502. Peddle, Bill Mensch na wenzao walikuwa wametoka Motorola, ambako chipu ya aina hiyo iliuzwa kwa mamia ya dola. Wao mwaka 1975 waliitangaza yao kwa dola 25. Kwenye maonyesho ya San Francisco walikatazwa kuuza ukumbini, wakachukua chumba hotelini na kuweka chipu ndani ya mtungi wa kioo mezani, wateja wakipanga foleni mlangoni. Peddle alisimulia baadaye kwamba mtungi ulionekana umejaa, lakini zilizofanya kazi zilikuwa za juu. Za chini zilikuwa mbovu, za kuonyesha wingi tu. Mmoja wa walionunua ni Steve Wozniak, akaenda kuijenga Apple yake ya kwanza.

Sasa watawala wa ukoo. Wa kwanza alikuwa PET, mwaka 1977, bati tupu, skrini na kaseti vikiwa ndani ya mwili mmoja. Huku kwetu mwaka huo watu walikuwa ndiyo kwanza wanazoea vijiji walivyohamishiwa na serikali, na Biharamulo na Ngara zilikuwa bado zinaitwa wilaya za Ziwa Magharibi. Mwaka uliofuata, Oktoba, majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka upande wa kaskazini na kuukalia ukanda wa mto Kagera. Vita vilipokwisha mwaka 1979, mkoa ukabaki na jina la mto huo, na nchi ikabaki na hazina iliyokauka.

Baada ya PET akaja VIC-20, wa plastiki, wa kuchomekwa kwenye televisheni ya sebuleni. Alianzia Japani mwaka 1980, na ndiye kompyuta ya kwanza duniani kuuzwa zaidi ya milioni moja. Mwaka 1982 akakaa kitini Commodore 64, na huyu ndiye wa kusimuliwa.

Alikuwa kibodi nene ya rangi ya udongo, isiyo na skrini wala kitu kingine. Ukimwasha, televisheni inageuka buluu, na maandishi ya buluu iliyopauka yanatangaza kumbukumbu ya kilobaiti 64, kisha yanasema ukweli wenyewe: baiti 38,911 ndizo zilizobaki kwa ajili yako. Picha moja ya harusi iliyopigwa kwa simu leo isingeenea humo. Chini ya maandishi kuna mraba unaopepesa, unangoja. Mtoto anachapa amri ya kupakia, mashine inamjibu abonyeze kitufe cha kaseti, skrini inafifia, mkanda unaanza kuzunguka. Dakika zinapita. Mkanda ukiwa umenyooka vibaya au kichwa cha kaseti kina vumbi, kazi yote inaanza upya. Kila aliyewahi kurudisha mkanda wa kaseti kwa kalamu ya Bic ili asimalize mawe angeielewa mashine hiyo katika siku moja.

Tena kaseti huhifadhi programu kama sauti, na sauti redio inaweza kuirusha. Waholanzi walifanya hivyo kweli: kipindi cha Hobbyscoop cha shirika lao la NOS kilirusha programu hewani, watu wakazirekodi kwenye kaseti nyumbani na kuzipakia kwenye kompyuta za aina mbalimbali. Ninaitaja kwa sababu Tanzania ilikuwa bingwa wa redio. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya wanakijiji kwa mamia ya maelfu kuizunguka redio, wakasikiliza, wakajadili, wakaenda kuchimba vyoo. Njia ilikuwapo, na wasikilizaji walikuwapo.

Mwaka 1983 bei ya Commodore 64, iliyoanza dola 595, ilikuwa imeshushwa hadi karibu na 200. Tramiel alikuwa analipiza kisasi kwa Texas Instruments, na kampuni hiyo ikaiacha kabisa biashara ya kompyuta za nyumbani mwaka huohuo. Tanzania mwaka huo ilikuwa katika vita dhidi ya wahujumu uchumi. Sabuni, sukari na vitenge vilikuwa vya foleni. Aliyekuwa na bidhaa ya nje isiyo na risiti aliitoa nje usiku na kuitupa. Ngara, inayopakana na Rwanda na Burundi, ilijua magendo vizuri, lakini magendo ya kitu kisichokuwa na pa kuchomeka hayana mteja. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, hivyo mwenye ndugu Muscat au London angeweza kuwa na sababu ya kumwagiza mashine. Bara ilibidi kungoja hadi 1994, ITV na CTN zilipoanza kurusha matangazo.

Mengine yalipita haraka. Januari 1984 Tramiel aligombana na mwenyekiti wake, Irving Gould, akaondoka, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amenunua kitengo cha kompyuta na michezo cha Atari ili apigane na kampuni aliyoizaa. Julai 1985 Commodore ikamtawaza Amiga jijini New York, Andy Warhol akichora picha ya Debbie Harry kwenye skrini mbele ya wageni. Novemba mwaka huo Mzee Mwinyi akaingia Ikulu, na nchi ikaanza kusikia ruksa. Kompyuta ziliingia kwa kibali na kwa miradi ya wafadhili: mradi unakuja na gari, mtaalamu na kompyuta yake, na mradi ukiisha mashine inabaki chini ya kitambaa. Hizo zilikuwa za ofisini. Za nyumbani hazikuwa na mradi.

Commodore ilitangaza kuvunjwa siku ya Ijumaa, tarehe 29 Aprili 1994. Tarehe hiyo Ngara inaikumbuka kwa jambo jingine. Kati ya tarehe 28 na 29 Aprili, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24, wakaketi kwenye vilima vya Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya ujenzi wa barabara iliyokuwa na kambi yake hapo. Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilikuwa halijawahi kuona msafara mkubwa na wa haraka namna hiyo. Mambo hayo mawili hayahusiani, na si haki kuyapima kwenye mizani moja. Ila tarehe ya eneo hili haiwezi kuyatenganisha, kwa kuwa ni msafara ule ulioleta magari meupe, redio za mawasiliano, majenereta ya usiku kucha na kompyuta za ofisi kwenye barabara ya Lusahunga hadi Rusumo. Mwaka 1995 Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi likaanzisha Radio Kwizera mjini Ngara. Wakimbizi wengi wa Rwanda walirudishwa Desemba 1996, redio ikabaki.

Huku nyuma, ukoo uliokufa ulikuwa na tawi moja ambalo halikuzikwa. Julai 1983 Nintendo walikuwa wametoa mashine ya michezo huko Japani, iitwayo Famicom, na moyo wake ulikuwa 6502, iliyofinyangwa upya na kampuni ya Ricoh. Viwanda vya Taiwan na China vikaiiga, vikaifanya rahisi zaidi, vikaiuza dunia nzima kwa majina ya kubuni. Televisheni zilipoanza kuenea Tanzania, mashine hizo zikaja kwenye mabegi ya wafanyabiashara, na watoto hawakuuliza zinaitwaje: ni gemu. Gemu la kaseti, kwa kuwa kipande cha plastiki kilichochomekwa juu yake kiliitwa kaseti pia. Baadhi zilikuja na kibodi na puku, zikauzwa kama kompyuta ya kujifunzia, zikiwa na lugha ya BASIC ndani. Mtoto aliyechapa mstari wa kwanza hapo alikuwa anafanya kile mtoto wa London alichofanya mwaka 1982, akiwa na chipu ya ukoo uleule.

Nayo ilikubali mazingira ya huku. Ilikula umeme kidogo, hivyo televisheni ndogo nyeusi-nyeupe ya volti 12 na betri ya gari vilitosha kuiendesha kibandani, mlipaji akihesabiwa dakika. Commodore isingeweza, kipoozea umeme chake kilitaka mkondo wa ukutani na kilikuwa maarufu kwa kuharibika kikiwa nao. Fundi akilifungua gemu hakukuta chipu yenye miguu ya kubandua na kubandika. Alikuta ubao mdogo wa kahawia na, katikati, doa jeusi la gundi ngumu, mviringo, kubwa kama kifungo cha koti. Chini ya doa hilo ndipo kazi ya Peddle na Mensch ilipolala. Likifa, fundi hana la kufanya. Analiweka gemu kwenye boksi la vipuri kwa ajili ya nyaya na vitufe.

Kompyuta zenyewe zilifika baadaye, bila jina la Commodore. Serikali ikaondoa ushuru wake mwanzoni mwa miaka ya 2000, Sera ya Taifa ya Teknolojia ya Habari ikatoka 2003, na mitumba ya deskitopu zenye skrini za chogo ikajaa stesheneri za miji ya wilaya, kuchapa barua na kutoa kopi. Ng'ambo ya mto, Rwanda ilikuwa ikiwagawia wanafunzi kompyuta ndogo za kijani na nyeupe za mradi wa Kompyuta Moja kwa Kila Mtoto, zaidi ya laki mbili. Nazo zimeacha kutengenezwa. Zilikuwa ukoo mwingine ulioahidi bei ya chini, dola 100, na haukuifikia. Umeme nao ulikuja kwa awamu: kwanza mitambo ya dizeli Biharamulo na Ngara kwa msaada wa Uholanzi, kisha laini kubwa hadi Nyakanazi, na pale Rusumo kituo cha maji cha megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi.

Kwa hiyo soketi sasa ipo. Tramiel alifariki mwaka 2012, Peddle mwaka 2019. Jina la Commodore lilinunuliwa na kuuzwa mara nyingi baada ya kufilisika, na mwaka 2025 wanunuzi wapya wakatangaza kuuza tena 64 iliyofanana na ya zamani, ikiwa na tundu la kuiunga na televisheni bapa. Mensch alianzisha kampuni yake Arizona mwaka 1978, na toleo lake la 6502 bado liko sokoni.